Moyo mweupe wa barafu

Barafu nyingi ya Kisangani ina moyo mweupe. Ndoo ya maji ikikaa kwenye frigo kubwa usiku kucha, asubuhi hutoka pande lenye kingo angavu zinazoonyesha vidole vya aliyelishika upande wa pili, na katikati wingu la rangi ya maziwa lenye nyuzi nyembamba zinazoelekea kingoni. Mnunuzi hajali. Barafu hiyo itapondwa na kumwagwa juu ya samaki, au itatumbukizwa kwenye beseni la chupa za bia, na baada ya saa chache itakuwa maji. Lakini aliyewahi kuona pande lisilo na moyo mweupe, nene kiasi cha shubiri nzima na bado maandishi ya gazeti yanasomeka kupitia kwake, anajua kwamba hapo pamepita fundi. Nataka kuusifu ufundi huo bila haraka, maana haraka ndiyo inayouharibu.

Tuanze na hewa. Maji yoyote yaliyokaa wazi yana hewa iliyoyeyuka ndani yake. Samaki wa mto Kongo wanaishi kwayo. Barafu haiitaki. Molekuli za maji zinapojipanga katika mpango wao wa pembe sita, hazibakizi nafasi ya oksijeni wala naitrojeni, wala ya chumvi, wala ya udongo. Vyote hivyo husukumwa mbele na ukuta wa barafu unaokua. Ndoo iliyo ndani ya frigo hupozwa kutoka kila upande, kwa hiyo kuta zinakua kuelekea katikati na hewa inafukuzwa mpaka inakosa pa kwenda. Maji yaliyobaki hulemewa. Hewa hujitenga ikawa viputo, na barafu inavifungia humo humo. Zile nyuzi nazo ni viputo vilivyorefuka: kiputo kilichonaswa kwenye ukuta huku kikiendelea kupokea hewa hutambaa kufuata njia ya kuganda. Pasua pande lolote nawe utaona barafu ilianzia wapi na ikaishia wapi.

Utaona pia historia ya umeme. Mji huu unapata umeme wake kutoka mtambo wa mto Tshopo, uliojengwa miaka ya 1950, na umeme ukikatika hakuna anayeshangaa. Kwa barafu, kila kukatika ni tukio. Ukuta unaokua husimama, pengine hurudi nyuma kidogo. Umeme ukirejea, frigo hufanya kazi kwa nguvu, ukuta unakurupuka, na hewa iliyokuwa imerundikana mbele yake inanaswa yote kwa pamoja. Matokeo yake ni utando mweupe, mwembamba, unaofuata umbo la ukuta ulivyokuwa saa ile. Pande lenye tando tatu limeona usiku mbaya. Sijui kumbukumbu nyingine ya umeme iliyo ya kweli kuliko hiyo, ingawa inadumu mpaka saa sita mchana tu.

Fundi wa barafu angavu hushindana na hewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kiwandani, na ina werevu unaochekesha: ili kuitoa hewa, anapuliza hewa. Makopo marefu ya chuma yaliyojaa maji husimamishwa ndani ya birika la maji ya chumvi yaliyopozwa hadi nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Katikati ya kila kopo huteremshwa bomba jembamba linalotoa hewa mfululizo. Mapovu makubwa yanayopanda hukoroga maji, yanausugua uso wa barafu, na kuibeba ile hewa iliyoyeyuka kabla haijapata kujikusanya pale. Kuta zikikaribia kukutana, kunabaki shimo la maji katikati, na humo kumekusanyika chumvi na uchafu wote wa kopo zima. Hapo mfanyakazi huyafyonza maji hayo yote, akajaza mengine safi, akaacha barafu ijifunge. Wengine huruka hatua hii, na pande lao hujulikana kwa mstari wa kijivu unaopita katikati.

Muda wenyewe una kanuni ngumu. Unene ukizidishwa mara mbili, muda wa kuganda huzidi mara nne, kwa sababu kila tabaka jipya la barafu ni blanketi linalozuia joto la maji yaliyo ndani lisitoke. Pande la kilo 136, lenye unene wa sentimita 28 hivi, linahitaji takribani siku mbili katika birika la namna hiyo. Ukiwa na pupa ukaongeza ubaridi, ukuta utakimbia kuliko hewa inavyoweza kuondoka, na moyo mweupe utarudi. Fundi anayejua kazi yake anajua ni wapi pa kutoongeza nguvu.

Njia ya pili haihitaji birika wala bomba. Inahitaji boksi la frigolite, lile jeupe jepesi linalosafirishia samaki na dawa. Lijaze maji, liweke ndani ya frigo bila kifuniko. Kuta na sakafu ya boksi zinazuia baridi, kwa hiyo maji yataganda kutoka juu kwenda chini tu, kama yanavyoganda maziwa ya nchi za kaskazini wakati wa baridi. Hewa inasukumwa chini, mahali penye nafasi. Ukilitoa kabla halijaganda lote, unamwaga maji ya chini pamoja na hewa na uchafu wake, na mkononi unabaki na ubao wa barafu usio na doa. Ukichelewa, sehemu ya chini itakuwa nyeupe, nawe utaikata kwa msumeno. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia nzuri zaidi kati ya hizo mbili, kwa kuwa haimfukuzi adui. Inamwachia mlango wazi na kumsubiri.

Sasa peleka ubao huo juani.

Mwaka 1858 John Tyndall, mwanafizikia kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Royal Institution ya London, alichapisha aliyoyaona alipofanya hivyo. Alichukua barafu angavu ya ziwani, akakusanya miale ya jua kwa lenzi na kuipitisha ndani yake. Uso wa barafu haukuwa na habari. Ndani, katikati ya barafu ngumu, yakachanua maua: vidimbwi vidogo vya maji, kila kimoja na petali sita, vyote vikiwa vimelala katika bapa moja, na katikati ya kila ua nukta inayong'aa kama fedha. Tyndall alijiuliza kama nukta ile ni hewa. Akakiyeyusha kipande kama hicho ndani ya maji ya uvuguvugu ili aone kama kiputo kitapanda. Hakikupanda. Nukta ilikuwa utupu, kwa sababu maji huchukua nafasi ndogo kuliko barafu iliyoyazaa, na pengo la tofauti hiyo likabaki wazi.

Ninampenda Tyndall kwa swali hilo la pili. Wengi wangetosheka na maua.

Swali la tatu ni gumu zaidi: kwa nini barafu iyeyuke ndani, wakati mwanga unaingilia nje? Kama ingekuwa inafyonza mwanga kwa nguvu, ingeyeyuka usoni. Kama isingefyonza kabisa, isingeyeyuka popote. Jibu limo katika sehemu ya jua ambayo macho hayaioni. William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya upinde wa mwanga, mahali palipoonekana pana giza, na joto likapanda. Leo tunaiita infraredi, na ile iliyo jirani na nyekundu, kuanzia nanomita 700 hivi hadi 2,500, ni infraredi ya karibu. Karibu nusu ya nguvu ya jua inayofika ardhini imo huko. Jua la saa sita la Kisangani, mji ulio nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, lina nyingi ya kutosha.

Kwa macho yetu barafu safi haina rangi. Mwanga wa bluu unaweza kusafiri ndani yake mamia ya mita kabla ya kumezwa. Lakini songa ng'ambo ya nyekundu uone inavyobadilika. Kwenye nanomita 800, mwanga hupungua hadi theluthi moja hivi baada ya nusu mita. Kwenye 1,030, safari hiyohiyo inaishia kwenye sentimita tatu au nne. Kwenye 1,250 haifiki hata sentimita moja. Kwenye 1,500 ni sehemu mbili za kumi za milimita, na kwenye 2,000 ni nusu ya hapo. Ubao uleule unaosomeshea gazeti, kwa jicho linaloona nanomita 1,500, ni mweusi kama lami. Maua ya Tyndall yalichanua kwa mawimbi yale ya katikati, yenye nguvu ya kuingia na yenye hasara ya kutosha kuacha joto njiani. Yale ya 1,500 na kuendelea yalikuwa yamekwisha usoni, kabla ya kuona chochote.

Anayeuza barafu sokoni bila kivuli analipa gharama ya mawimbi hayo. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334. Kwa hesabu ya haraka, pande lililoonyesha jua la saa sita uso wa robo mita ya mraba hupoteza, kwa infraredi peke yake, kiasi kisicho mbali na kilo moja kwa saa, kabla hujahesabu hewa ya moto na ule mvuke unaogeuka umande juu yake. Na halipotezi usoni tu. Mwanga unaoingia hulegeza mipaka ya punje za barafu huko ndani, hivyo pande linalotoka juani hupasuka kwa pigo dogo, na linaloshinda chini ya turubai na unga wa mbao hubaki gumu. Mji huu una viwanda vya mbao. Unga huo si wa kutafuta mbali. Watu waliuweka juu ya barafu kwa uzoefu tu, na uzoefu ulikuwa sahihi mara mbili: unazuia joto la hewa, na unasimamisha mwanga usioonekana pale nje.

Kwa nini barafu imeze mawimbi haya na kuyaachia yale? Molekuli ya maji ina mikono miwili, oksijeni ikiwa katikati na haidrojeni pembeni, na mikono hiyo hutikisika. Mtikisiko wenyewe uko mbali, karibu na nanomita 3,000, lakini una miangwi yake katika mawimbi mafupi zaidi, na miangwi hiyo ndiyo inayokula infraredi ya karibu. Mvuke unameza hasa karibu na nanomita 940, 1,130, 1,380 na 1,870. Maji ya mtoni yanameza karibu na 970, 1,190, 1,450 na 1,940. Barafu: 1,030, 1,250, 1,500 na 2,000. Ni ngazi ileile, imeshushwa kidogo kila mara. Katika mvuke kila molekuli iko peke yake. Katika maji, jirani anaivuta haidrojeni upande wake. Katika barafu majirani wamejipanga sawasawa na wanaivuta kwa nguvu zaidi, na mkono unaovutwa na wawili hulegea kwa mwenyewe. Mpiga ngoma anayajua haya: ngozi iliyolowa mvua hulegea, na sauti hushuka mpaka aipeleke motoni. (Ngoma ya ngozi, namaanisha; lile gogo la Walokele lenye mpasuo halina ngozi ya kulegea.)

Kuna njia ya kuyaona haya bila maabara. Rimoti ya televisheni hutuma mwanga wa nanomita 940 hivi. Jicho halioni kitu, lakini kamera ya simu, hasa ile ya mbele, mara nyingi huona kitaa cha rimoti kikimeta zambarau. Weka ubao wa barafu angavu wa sentimita kumi kati ya rimoti na simu: kati ya theluthi na nusu ya mwanga itapita, ukiacha kile kinachorudishwa na nyuso mbili. Weka chombo cha maji cha unene huohuo: haitapita hata moja ya kumi. Maji na barafu, ambavyo kwa macho ni safi sawasawa, vimetenganishwa na rimoti ya televisheni. Sababu ni ile ngazi. Kwenye 940, maji yameshaanza kupanda kilele chake cha 970, lakini barafu bado ina nafasi kabla ya 1,030. Ukitumia pande la moyo mweupe jaribio litakudanganya, maana viputo huutawanya mwanga kila upande, na kamera haitajua kama mwanga uliokosekana umemezwa au umepotezwa njia.

Tofauti hiyo, ya kumezwa na kupotezwa njia, ndiyo iliyowasumbua wapimaji kwa zaidi ya karne moja. Katika miaka ya 1830 Macedonio Melloni, Mwitaliano, alitumia kipimajoto cha umeme chepesi wa kuhisi kuliko vyote vya wakati wake, akaipitisha miale ya joto ya taa katika vipande vya vitu mbalimbali. Chumvi ya mawe ilipitisha sehemu 92 katika 100. Barafu ilipitisha 6. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini mwanga wa taa ni mchanganyiko wa mawimbi yote, na namba moja haiwezi kueleza dutu iliyo angavu huku na nyeusi kule. Ilibidi mawimbi yatenganishwe moja moja, na kwa kila wimbi ipatikane barafu ya unene wake.

Hapa ndipo wanasayansi walipogeuka mafundi wa barafu. Mwaka 1981 Thomas Grenfell na Donald Perovich wa Marekani walichapisha vipimo vya barafu kutoka nanomita 400 hadi 1,400. Majedwali yao hutajwa mpaka leo, lakini kinachonivutia ni malighafi: walihitaji barafu isiyo na viputo, mapande makubwa ya kutosha kwa mwanga wa bluu kusafiri mpaka upotee kiasi kinachopimika. Shida yao ilikuwa ileile ya fundi wa kiwandani, na nidhamu ileile. Barafu ikue polepole. Hewa ipewe njia. Ukuta usikurupuke. Nyuso zisawazishwe, maana mkwaruzo mmoja ni uongo mdogo. Kisha mwanga upitishwe katika mapande ya urefu tofauti na hesabu ifanywe kwa tofauti kati yao, ili hasara ya nyuso ijifute yenyewe.

Ng'ambo ya nanomita 1,400 kazi inageuka kichwa chini. Barafu ni nyeusi mno; ubao wa sentimita moja hautoi kitu. Sasa unahitaji utando wa sehemu za kumi za milimita, wenye nyuso sambamba na unene unaojulikana kwa hakika, maana kosa la kumi kwa mia katika unene ni kosa la kumi kwa mia katika jibu. Utando huo lazima ukae kati ya vioo bila hewa kupenya, na usiyeyuke, ilhali unamulikwa na taa ambayo miale yake unaimeza. Lin Kou, Daniel Labrie na Petr Chýlek walitoa mwaka 1993 vipimo vya maji na barafu kutoka nanomita 650 hadi 2,500. Ukiutazama mchoro wao, mstari wa barafu unapanda na kushuka mara nyingi, na kutoka mwanzo wake hadi mwisho ufyonzaji unaongezeka maelfu ya mara. Hakuna pande moja la barafu linaloweza kupima mstari huo wote. Kila kipande cha mchoro kina barafu yake, iliyotengenezwa kwa unene wake. Stephen Warren wa Chuo Kikuu cha Washington alikusanya vipimo vya wengi katika jedwali moja mwaka 1984, na mwaka 2008 yeye na Richard Brandt walilirekebisha, wakieleza kwa kila eneo la mawimbi ni nani wanayemwamini na kwa nini. Ni maandishi makavu. Mimi nimeyasoma kwa raha ya mtu anayemtazama seremala akikagua maungio ya mwenzake.

Asili pia ina warsha yake. Katika Ncha ya Kusini, ambako kifaa cha IceCube kilichokamilika mwaka 2010 kina vihisi mwanga 5,160 ndani ya barafu, tabaka za juu zimejaa viputo vya hewa ya zamani. Kushuka chini ya mita 1,350 hivi, viputo havipo tena. Mgandamizo umeilazimisha hewa kuingia katika mpango wa barafu wenyewe, ikawa fuwele mpya ambayo haitawanyi mwanga. Kitu ambacho fundi hukipata kwa kuitoa hewa, barafu ile imekipata kwa kuikubali hatimaye. Ilichukua miaka maelfu kwa maelfu.

Mkoa wetu wa Tshopo hauna barafu ya asili, lakini una mahali ambapo ngazi ya maji inasomwa kila siku. Yangambi, kilomita 100 hivi kuteremka mto kutoka Kisangani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, kuna mnara wa mita 55 uliosimamishwa mwaka 2020 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ghent. Juu ya msitu, chombo hupitisha miale ya infraredi katika hewa na kupima kilichokosekana, mara nyingi kwa sekunde. Kwa kiasi hicho hujulikana mvuke na kaboni dioksidi vinavyopanda na kushuka. Ni msitu ukipimwa pumzi. Hewa ile nzito ya Kisangani, ambayo wageni huilalamikia, ina mvuke unaokaribia kuyazima kabisa mawimbi ya 1,380 na 1,870 ya jua kabla hayajafika chini. Lakini ngazi ya barafu imeshuka kidogo, kwa hiyo mvuke hauwezi kuikinga vizuri: yale unayoyaacha yapite, barafu inayasubiri.

Barafu ya asili iliyo karibu ipo mashariki. Kutoka Kisangani, ukifuata ikweta kuvuka msitu wa Ituri kwa kilomita zaidi ya 500, utakuta Rwenzori, na juu ya mpaka wa Kongo na Uganda kilele cha Margherita chenye mita 5,109, katika mlima Stanley, uliopewa jina la mtu yuleyule ambaye mji huu ulibandikwa jina lake ulipoitwa Stanleyville. Maji yake hayaji kwetu. Yanaingia Semliki na kwenda Nili. Mwaka 1906, msafara wa Duke wa Abruzzi ulipopanda huko na Vittorio Sella akapiga picha zake, barafu ilikuwa na eneo la takribani kilomita za mraba 6.5. Baadaye J. B. Whittow na wenzake wa Makerere walipanda kuipima kwa miguu, na wakachapisha waliyoyaona mwaka 1963. Halafu setilaiti zikaanza kupita.

Kutoka angani Rwenzori ni taabu. Mlima huo hufunikwa na mawingu karibu wakati wote, na mawingu ni meupe, na barafu ni nyeupe. Picha ya kawaida haisaidii. Lakini setilaiti ya Landsat 5, iliyorushwa mwaka 1984, ilikuwa na jicho la nanomita 1,550 hadi 1,750, na huko mambo yanajitenga. Matone ya wingu ni madogo kiasi kwamba mwanga hupita ndani yake umbali wa sehemu za elfu za milimita tu, kisha hutoka. Wingu linabaki jeupe. Katika theluji na barafu, mwanga husafiri ndani ya punje zilizo kubwa mara nyingi zaidi, na jedwali la Warren limeshatuambia utakavyoishia. Barafu inakuwa nyeusi. Mpimaji huchukua mwanga wa kijani, huutoa ule wa 1,600, hugawanya kwa jumla yao, na mahali jibu linapozidi sehemu nne za kumi hivi huandika: barafu. Kivuli cha miamba hakimsumbui sana, kwa sababu hupunguza vyote viwili pamoja na uwiano unabaki. Maziwa madogo ya mlimani ndiyo yanayodanganya, kwa kuwa nayo ni meusi kwenye 1,600; huyatoa kwa jicho la nanomita 830, ambako ziwa ni jeusi na theluji bado ni nyeupe. Mawingu ya juu kabisa, yaliyoganda yenyewe, hayana dawa rahisi. Hayo yanahitaji kungoja siku nyingine.

Richard Taylor na wenzake, wakiwemo watafiti wa Uganda, walifanya kazi hiyo na kuichapisha mwaka 2006: kilomita za mraba 2.01 mwaka 1987, na 0.96 mwaka 2003. Wengine walijibu wakibishana nao kuhusu chanzo, kama ni joto la hewa au ni ukavu. Mabishano mazuri, ya watu waliofika mlimani. Mimi nimebaki kwenye namba. Pikseli moja ya Landsat ni mita 30 kwa 30, kwa hiyo barafu yote ya 2003 ilikuwa pikseli zipatazo 1,070, na kwa kuwa vipande vyake ni vidogo na vimechanikachanika, pikseli nyingi zilikuwa za ukingoni: nusu barafu, nusu mwamba. Kila moja ya hizo inahitaji uamuzi. Kando ya 0.96 wameandika kosa linalowezekana, 0.34 juu au chini, sawa na pikseli 380 hivi ambazo hawakutaka kuapa kwazo.